Pumu ya ngozi kwa watoto: tulivyomtuliza binti yetu, na makosa yaliyotuchelewesha

#1 MamaWaNyanda (mleta uzi), Njombe

Wanajamvi, habari za usiku.

Saa tano kasoro sasa hivi, binti yangu wa miaka sita amelala na hajikuni. Mwenye mtoto wa pumu ya ngozi (ekzema) ameshanielewa. Kwa miaka miwili kilichokuwa kikiniamsha usiku si kilio, ni kucha. Kucha ndogo zikikwangua nyuma ya goti gizani, kwa kasi, mwenyewe yuko usingizini kabisa. Asubuhi nakunja shuka lina vidoa vya damu na unga mweupe wa magamba. Kipindi kile nilitafuta maelezo ya Kiswahili usiku kucha nikaambulia matangazo ya dawa za kusafisha damu, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Tulihamia huku kutoka Tanga mwaka 2022. Kule alikuwa na vipele hapa na pale kwenye mikunjo ya viwiko, tukasema ni joto. Ilipofika Juni yetu ya kwanza Njombe, baridi kavu ile inayopasua midomo hata ya watu wazima, mtoto akachachamaa: viwiko, nyuma ya magoti, shingo, mwisho mashavu. Na hakuwa mwekundu kama watoto wa kwenye picha za mtandaoni. Kwenye ngozi yetu ilianza kama ukijivu, ikaenda kwenye weusi wa zambarau, kisha ngozi ikawa nene na ngumu, ina mistari kama gome la mti.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji akachungulia mkono wa mtoto juu ya kaunta, akatoa tyubu, akasema, "Paka asubuhi na jioni mpaka ipone." Haikuchukua hata dakika mbili. Siku ya tatu ngozi ikawa laini kabisa, nikamshukuru Mungu na nikamsifia yule muuzaji kwa majirani. Nilipoacha ikarudi. Nikapaka tena. Ikawa hivyo miezi mitano, na usoni nikapaka pia, maana hakuna aliyeniambia nisipake.

Mwezi wa sita wa kupaka niliona ngozi ya mashavu yake inang'aa, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na vimishipa vinaonekana. Kwapani michirizi. Nikashtuka nikaacha ghafla, na uso ukalipuka kuliko mwanzo: vipele, kuungua, mtoto analia maji yakimgusa tu.

Hospitali ya rufaa daktari alisoma maandishi madogo ya ile tyubu akaniambia ni klobetasoli, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi) ya daraja la juu kabisa la nguvu. Inatolewa kwa ngozi ngumu ya mtu mzima, kwa muda mfupi, kwa maelekezo. Nilikuwa naipaka kwenye shavu la mtoto wa miaka minne kama mafuta ya kujipaka.

Nilitegemea aandike dawa nyingine haraka. Badala yake akauliza, "Mama, unamwogesha vipi?"

Nikamweleza kwa kujiamini. Maji ya moto, kwa sababu ni Njombe. Sabuni ya dawa, ile yenye harufu ya hospitali, ili kuua wadudu. Dodoki, ili magamba yatoke. Taulo, namkausha vizuri mpaka anakauka kabisa. Halafu kunywa chai, kuvaa soksi, kutafuta daftari, na mafuta kidogo mikononi na usoni kabla ya kutoka mlangoni.

Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kila hatua pale ilikuwa inamkausha mtoto. Akaniambia ngozi yake ni kama paa la makuti yaliyoachana: maji ya ndani yanatoka, na vya nje vinavyochokoza, vumbi, sabuni, vimelea, vinaingia. Tyubu inazima moto uliowaka ndani. Haiezeki paa. Paa linaezekwa kwa mafuta, kila siku, hata siku ambazo ngozi ni nzuri.

Tunachofanya sasa hivi ndicho hiki. Maji ya vuguvugu, yale ambayo kiwiko changu hakisikii moto wala baridi. Ndoo moja, dakika tano mpaka kumi, hakuna dodoki. Sabuni laini isiyo na harufu, kwapani, sehemu za siri na miguuni tu, kwingine maji. Nikimtoa namgusagusa kwa taulo, sisugui, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu nampaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato mwili mzima, hapohapo bafuni. Nachota kwa kijiko safi, vidole sichovyi ndani ya kopo. Napaka kuelekea chini, kufuata vinyweleo vinakolalia. Anapakwa tena akitoka shule, na tena akiingia kitandani.

Kilichonishangaza zaidi ni kiasi. Nilidhani kikopo kidogo kinatosha mwezi. Miongozo ya Uingereza, ile ya NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, inataja gramu 250 mpaka 500 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Robo kilo kwa wiki! Sasa nanunua makopo makubwa, na jirani aliyeuliza kama nakaangia nilimwonyesha mkono wa mtoto.

Steroidi bado tunatumia. Nasema hivi makusudi, kwa sababu baada ya lile balaa nilikuwa nimeapa sitagusa tena, na daktari akanikatalia. Alitupa haidrokotisoni ya asilimia 1 ya uso, na nyingine yenye nguvu zaidi ya viwiko na magoti, kila moja na siku zake alizoziandika kwenye cheti. Ikichachamaa tunapaka mara moja kwa siku mpaka ngozi iwe laini, tunaacha, mafuta yanaendelea.

Maswali karibuni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mtu wa afya, nitasema ninachokijua.

#2 Kidudu_Mtu, Tabora

Dada asante kwa uzi, nimeusoma mara mbili. Wa kwangu ana miaka mitatu, kila mtu kijijini anasema ana damu chafu, bibi yake ameshamwogesha kwa majani ya muarobaini na maji ya ndimu. Ndimu ilimfanya akapiga kelele nikaikataza. Wanasema pia tumwachishe mayai, maziwa, samaki, dagaa na karanga. Sasa anakula ugali na mboga za majani tu, amekonda. Ngozi ipo vilevile. Nifanyeje?

#3 MamaWaNyanda (mleta uzi)

Kaka, mrudishie mtoto chakula. Mimi nilimwachisha mayai na maziwa miezi minne, akapungua kilo na ngozi haikubadilika hata kidogo. Wapo watoto wenye mzio wa chakula kweli, na wao unaona: amekula yai, ndani ya dakika chache au saa mbili midomo imevimba, mabaka yametoka, ametapika. Huyo ni wa hospitali. Lakini kumkatia mtoto vyakula vitano kwa kukisia ni kumwongezea ugonjwa wa pili.

Na bibi usigombane naye. Mpe kazi ya kupaka mafuta ya mchana, mama mkwe wangu ndivyo alivyokuja upande wangu. Siku hizi ndiye mkali kuliko mimi, hata sabuni ya kufulia anaikagua.

#4 TabibuNgozi, Moshi

Habari zenu. Nimefanya kazi na wagonjwa wa ngozi miaka kadhaa, na huku Moshi tuna bahati ya kuwa na kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1992. Matabibu waliosomea pale wametawanyika hospitali nyingi za mikoa na nchi jirani, kwa hiyo kabla ya kufunga safari ndefu, uliza hospitali ya mkoa wako kama wanaye wa kliniki ya ngozi.

Mleta uzi umeeleza vizuri sana. Naomba niongeze machache na kurekebisha moja.

La kurekebisha ni aina ya mafuta. Mafuta ya mgando ni mazuri, ya bei nafuu na hayana vitu vingi vya kuchokoza. Lakini mtu asijione mnyonge kwa sababu hayapendi. Uingereza walifanya utafiti uliotoka mwaka 2022, watoto 550, wakalinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito. Hakuna aina iliyoishinda nyingine kwa kutuliza dalili. Mtoto anayekimbia mgando kwa sababu unamnatanata kwenye joto la Dar, mpe krimu isiyo na manukato. Inayopakwa kila siku ndiyo dawa. Na wale wanaouziwa mafuta maalumu ya kumimina kwenye maji ya kuoga, okoeni hela zenu: utafiti mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2018, watoto 482, haukuona faida ya maana kwa watoto ambao tayari wanapakwa mafuta baada ya kuoga.

Jambo la pili, hakikisheni ni pumu ya ngozi kweli. Upele wa wadudu unawasha sana usiku, unakaa katikati ya vidole, viganja, kiunoni, sehemu za siri, na mara nyingi nyumbani anayejikuna si mmoja. Huo ukiupaka mafuta mwaka mzima haushuki, na familia yote inatibiwa siku moja. Mashilingi, fangasi wa ngozi, yana duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pasafi. Ukipaka steroidi kwenye mashilingi mwasho unapungua siku mbili tatu huku fangasi anatambaa chini kwa chini, duara linapotea, na hata sisi tunapata taabu kumtambua. Ndiyo maana zile tyubu za mchanganyiko, steroidi na dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja, zinatuletea kazi kubwa sana kliniki. Zinampa kila mtu nafuu ya wiki moja.

Tatu, kuna hali hazisubiri. Ngozi ikianza kutoa majimaji, ikafanya gaga la rangi ya asali, ikauma kuliko kuwasha, bakteria ameingia. Na mkiona malengelenge madogo au vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, kama vimetobolewa kwa ncha ya kalamu, vinaenea haraka na mtoto ana homa, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Hicho ni kirusi cha herpesi kimevamia ngozi iliyo wazi, na kikikaribia macho ni hatari zaidi. Mama au shangazi mwenye kidonda cha homa mdomoni, kinacholetwa na kirusi hichohicho, asimbusu mtoto wa pumu ya ngozi. Nawaomba sana.

Kuhusu kipimo cha dawa ya tyubu, tumieni kidole. Kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Njia hii ilielezwa na watafiti Long na Finlay mwaka 1991 na mpaka leo sijaona iliyo rahisi kuliko hiyo. Wengi wanaoogopa dawa wanapaka kidogo mno, moto hauzimi, wanaishia kuitumia muda mrefu zaidi.

#5 Bahari_Kuu, Mombasa

Salaam aleikum nyote. Sisi huku pwani baridi hatuna, lakini mwanangu jasho ndilo linalomwasha. Akicheza mpira, shingo na mikunjo yote moto. Na maji yetu ni ya kisima, ya chumvi, sabuni haitoi povu mpaka utie nyingi.

Nilichokiona kimesaidia: akitoka kucheza namwagia maji matamu kidogo ya kusuuza, nampapasa na leso, kisha mafuta ya nazi. Ya nyumbani, tunakuna wenyewe na kuyapika. Je, daktari, mafuta ya nazi yafaa? Maana mwingine aliniambia mafuta ya zeituni ni bora kwa kuwa yana baraka.

#6 TabibuNgozi, Moshi

Waaleikum salaam. Nazi ni sawa kwa wengi, imewahi kujaribiwa kwa watoto wenye pumu ya ngozi Ufilipino na ikafanya vizuri kuliko mafuta ya madini. Hakikisha tu hayajachacha na hayana manukato. Zeituni kuleni. Kwenye ngozi kavu ya aina hii yameonekana kulegeza ule ukuta tunaojaribu kuujenga.

Na maji ya chumvi unavyofanya ndivyo. Kama maji matamu ni machache, yawekeni kwa ajili ya kusuuza mwisho. Mimi si tabibu wa kukaa hapa kila siku, lakini uzi huu nitaupitia.

#7 Fundi_Saruji, Dodoma

Mimi si mtoto lakini naomba nisaidiwe. Ni fundi ujenzi, mikono inapasuka, inawasha, viganja na juu ya vidole. Nikipumzika wiki mbili nyumbani inapona, nikirudi saiti inarudi. Nimepaka mgando kama dada alivyosema, usiku afadhali.

#8 TabibuNgozi, Moshi

Kaka maelezo yako yanaelekea kwenye saruji yenyewe. Saruji mbichi inaunguza na kukausha, na ndani yake kuna kromiamu, na wapo ambao miili yao ikishaikataa haitaikubali tena maisha yote. Glavu za mpira mzito zilizo na kitambaa cha pamba ndani, zikiloana saruji ndani zivue palepale. Nawa kwa maji mengi, usinawe kwa mchanga wala sabuni ya unga. Mgando kabla ya kulala, mwingi, kisha vaa soksi za pamba mikononi. Lakini nenda uonwe, kwa sababu ikiendelea hivyo inaweza kukuondoa kwenye fani.

#9 Mama_Kichanga, Kahama

Jamani wangu ana miezi mitano, mashavu yote yanatoa maji. Jirani ameniletea tyubu aliyotumia yeye kuondoa madoa, akasema inang'arisha. Nimeiweka kabatini sijaigusa.

#10 MamaWaNyanda (mleta uzi)

Mdogo wangu usiifungue. Kinachong'arisha mara nyingi ni ileile steroidi kali iliyomla binti yangu miezi mitano, au haidrokwinoni, na vingine vina zebaki. Serikali imevipiga marufuku kwenye vipodozi na bado vinapita. Mashavu yanayotoa maji kwa umri huo, mpeleke kesho zahanati kabla ya kitu kingine. Njiani mfute mate yanapomtoka na umpake mgando kidogo kwenye shavu kabla ya kunyonya na baada ya kunyonya, mate na maziwa yanachubua. Na wewe endelea kula chakula chako chote, usijinyime.

#11 MamaWaNyanda (mleta uzi)

Narudi kwa mambo mawili ambayo watu wameniandikia sirini.

La kwanza ni kanga. Usiku akiwasha sana nachukua kanga iliyochakaa, ile iliyofuliwa mpaka ikalegea, nimeikata vipande virefu. Nampaka mafuta kwa wingi, nalowesha kipande kwenye maji ya vuguvugu, nakikamua mpaka kisidondoke, nakizungusha kwenye kiwiko au goti, juu yake naweka soksi ndefu kavu iliyokatwa ncha. Ule ubaridi unavyotoka taratibu unamtuliza, na kucha hazifiki kwenye ngozi. Baridi ya huku inataka tahadhari, kwa hiyo ni kiungo kimoja kimoja, na blanketi juu. Juu ya dawa ya tyubu sifungi mpaka daktari aseme, maana dawa ikifunikwa inaingia kwa nguvu zaidi. Na palipo na usaha hapafungwi.

La pili sikuandika mwanzo kwa sababu nilikuwa naona haya, lakini linaweza kuokoa mtu. Watu wa nyanda za juu mnajua tunavyoota jiko la mkaa. Jioni moja Julai binti alikaa karibu na jiko na gauni lake la kulalia lililokuwa limenyonya mafuta wiki nzima. Cheche ikaruka kwenye pindo. Nilikuwa hatua mbili tu, nikaifunika na mkeka, hakuungua. Lakini jinsi kile kitambaa kilivyoshika ni kama utambi. Nguo na shuka zilizonyonya mafuta haya zinawaka haraka, na kufua kunapunguza tu, hakuondoi yote. Koroboi, mshumaa, jiko, sigara, kaeni navyo mbali. Sasa tunaota nje ya chumba chake, na gauni la kulalia linabadilishwa kila siku ya pili.

Na aliyeniuliza sirini kuhusu sweta ya shule: ile ya kununua ilikuwa inamkwaruza shingo mpaka damu. Fundi cherehani alinishonea kitambaa cha pamba ndani ya kola na kwenye vikono, na chini yake anavaa fulana ya pamba ya mikono mirefu. Darasani nilimwomba mwalimu wake amhamishe kutoka dirishani kunakopiga jua, na asimkaripie akijikuna. Kumwambia mtoto "acha kujikuna" ni kumwambia aache kukohoa. Tumempa kitambaa kibichi cha kubonyezea panapowasha, na kucha nazikata kila Jumapili.

#12 Kidudu_Mtu, Tabora

Mrejesho. Wiki tatu sasa, mayai amerudishiwa, mafuta mara tatu kwa siku. Mguu wa kulia umekuwa laini. Kiwiko bado kigumu, Jumatatu tunakwenda kliniki ya ngozi mkoani. Bibi ndiye anayepaka mchana.

#13 MamaWaNyanda (mleta uzi)

Kaka umenifanya nilie hapa ofisini. Ngozi ngumu inachelewa kulainika, na ikilainika itaacha baka jeusi au jeupe. Baka si ugonjwa umebaki, na halitibiwi kwa kung'arisha. Kwa binti yangu lilichukua miezi kufifia.

Kwetu baridi imeshuka tangu wiki iliyopita. Jumanne niliona kiwiko cha kushoto kimekuwa kikavu na rangi imeiva, akaanza kukibonyeza kwa kitambaa chake bila kuambiwa. Usiku huohuo tulianza dawa ya kiwiko, nusu ya kipimo cha kidole, kanga usiku wa pili na wa tatu. Mafuta mara nne. Leo ni siku ya sita, nimepitisha kidole gumba pale, ni laini kama upande wa pili. Dawa nimeirudisha kabatini, kopo la mafuta lipo kando ya kitanda.